GMAT: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu sehemu zake na ugumu wake

Msimu wa kuomba vyuo vya nje ukikaribia, simu huanza kujaa meseji za watu wanaotaka MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara: wa benki pale Posta, wahandisi, walimu, wahasibu waliochoka kufunga hesabu za kila mwezi. Maswali yao yanafanana. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa, bila kuyapaka sukari.

GMAT ni mtihani wa nini hasa?

Ni mtihani wa kuombea nafasi katika shule za biashara, hasa kwa MBA na shahada za uzamili za fedha, uhasibu na menejimenti. Mwenye mtihani ni GMAC, baraza lenye makao Marekani ambalo wanachama wake ni shule za biashara zenyewe. Ulianza kufanyika 1954 ukiwa na jina lingine, na ukaitwa GMAT kuanzia 1976. Toleo la sasa lilianza Novemba 2023 kwa jina la Focus Edition, kisha toleo la zamani likafungwa 31 Januari 2024.

Hauulizi uhasibu. Hauulizi masoko wala sheria za kodi. Aliyesoma BCom na aliyesoma udaktari wa mifugo wanaanzia mstari mmoja.

Una sehemu ngapi, na muda wake ukoje?

Tatu, kila moja dakika 45. Quant ni hesabu, maswali 21. Verbal ni kusoma na kupima hoja, maswali 23. Data Insights ni kusoma takwimu na kuzitolea uamuzi, maswali 20. Jumla ni maswali 64 kwa saa mbili na robo, na unaruhusiwa kupumzika dakika 10 mara moja ukitaka. Insha haipo tena.

Ukigawa, Quant inakupa dakika mbili na sekunde chache kwa swali, Verbal inakupa pungufu kidogo ya dakika mbili, Data Insights dakika mbili na robo. Namba hizo zishike kichwani, maana ugumu wote nitakaousema hapa chini unatoka humo.

Nilisoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza), hesabu niliagana nazo kidato cha nne. Nitaweza?

Utaweza, na sikufariji. Quant ya sasa ina hesabu za kawaida na aljebra tu: asilimia, uwiano, wastani, vipeo, milinganyo, namba tasa, mabaki ya kugawanya, uwezekano, na kidogo ya kupanga vitu kwa njia tofauti. Jiometri imeondolewa. Hakuna kalkulasi, hakuna trigonometria, hakuna vekta. Karibu yote hayo uliyapita kabla ya mtihani wa NECTA wa kidato cha nne, hata kama uliyapita ukiwa umefumba macho.

Kitakachokusumbua ni kwamba kikokotoo hakiruhusiwi kwenye Quant. Mtu aliyekaa ofisini miaka minane na Excel amesahau 17 mara 6. Anza na hapo. Wiki mbili za jedwali la kuzidisha, sehemu na desimali zitakusaidia kuliko kitabu chochote kinene.

Kama hesabu ni za kidato cha nne, mbona waliosoma EGM na PCM, michepuo yenye hesabu, nao wanalia?

Kwa sababu wanazikokotoa kama walivyofundishwa. Sisi tumekulia kwenye mitihani inayotoa alama kwa kila hatua: andika fomula, weka thamani, onyesha njia, na hata jibu likikosewa mwishoni unaokota alama mbili tatu. GMAT haijali njia yako. Inaona kitufe ulichobonyeza, basi.

Chukua swali hili. Namba n ikigawanywa kwa 7 inabaki 3. Je, 4n ikigawanywa kwa 7 inabaki ngapi? Mtu wa EGM anaandika n = 7k + 3, anazidisha kwa 4, anapata 28k + 12, anatenganisha, anafika kwenye 5. Ni sahihi kabisa, na dakika nzima imeenda. Mwingine anajiuliza: namba gani ndogo ikigawanywa kwa 7 inabaki 3? Ni 3 yenyewe. Mara 4 ni 12. Kumi na mbili toa saba, inabaki 5. Amemaliza kwa sekunde kumi na tano, na muda uliobaki ameupeleka kwenye swali gumu zaidi.

Ndiyo maana sipendi mtu aniambie "nimerudia topiki zote". Topiki ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua wakati wa kujaribisha namba, wakati wa kukadiria, na wakati wa kuliacha swali lipite.

Mimi ni CPA, mhasibu mwenye cheti. Data Insights si ndiyo kazi yangu ya kila siku?

Hivi ndivyo wanavyosema wote kabla ya kufanya mtihani wa kwanza wa majaribio. Halafu wananyamaza.

Data Insights ina aina tano za maswali. Kuna ya majedwali unayoweza kuyapanga upya kwa kubonyeza safu. Kuna ya chati na grafu zenye nafasi za kujaza. Kuna ya vyanzo vingi, ambapo unapewa kurasa mbili au tatu, mfano barua pepe, jedwali na maelezo ya sera, na jibu limetawanyika humo. Kuna ya sehemu mbili, ambapo unachagua majibu mawili yanayotegemeana. Na kuna utoshelevu wa taarifa, ambao zamani ulikuwa ndani ya Quant. Kikokotoo kipo kwenye skrini katika sehemu hii pekee, lakini ukijikuta unakitumia kila swali, umeshapotea.

Tatizo la kwanza ni kwamba maswali mengi hapa yana vipande. Unaulizwa kauli tatu, kila moja ndiyo au hapana. Ukipata mbili na kukosa moja, umekosa swali zima. Hakuna nusu alama.

Tatizo la pili ni utoshelevu wa taarifa, na hili nataka tulitazame kwa karibu maana linawaangusha wahasibu kuliko watu wengine. Huulizwi jibu ni lipi. Unaulizwa kama taarifa ulizopewa zinatosha kupata jibu. Machaguo ni matano na hayabadiliki: ya kwanza peke yake inatosha, ya pili peke yake inatosha, zinatosha zikiwa pamoja tu, kila moja inatosha peke yake, hata zikiwa pamoja hazitoshi.

Nimetunga mfano wa Kiswahili. Muuza mitumba wa Karume anauza shati kwa shilingi 5,000 na suruali kwa shilingi 7,000. Leo asubuhi aliuza mashati mangapi? Taarifa ya kwanza: mashati na suruali alizouza jumla yake ni nguo 7. Taarifa ya pili: mauzo yote yalikuwa shilingi 41,000.

Karibu kila mtu anasema: vitu viwili visivyojulikana, kwa hiyo nahitaji milinganyo miwili, kwa hiyo zote pamoja. Wanabonyeza na kuendelea kwa furaha. Sasa jaribu taarifa ya pili peke yake. Suruali moja ni 7,000, zinabaki 34,000, hazigawanyiki kwa 5,000. Suruali mbili, zinabaki 27,000, hapana. Suruali tatu, zinabaki 20,000, mashati manne. Nne, zinabaki 13,000, hapana. Tano, zinabaki 6,000, hapana. Bila suruali hata moja, 41,000 nayo haigawanyiki. Njia ni moja tu, kwa sababu hakuna anayeuza nusu shati. Taarifa ya pili peke yake inatosha, na ya kwanza peke yake haitoshi.

Aliyetunga swali alijua utakimbilia "zote pamoja". Ameliweka chaguo hilo pale likusubiri. Mhasibu amezoea kukamilisha: vocha zote ziwepo, mizania ikubali. Mtihani huu unampa alama anayesimama mapema na kusema hiki kinatosha.

Kwa hiyo sehemu ngumu kuliko zote ni Data Insights?

Kwa watu wengi ninaowaona hapa Dar, ndiyo, na alama za dunia nzima zinaelekea huko huko. Kila sehemu inapewa alama kati ya 60 na 90. Ukipata 80 kwenye Data Insights umewazidi watahiniwa wengi sana kuliko ukipata 80 hiyo hiyo kwenye Quant, na kwenye Verbal 80 ni alama ya katikati tu. Halafu kumbuka kwamba sehemu zote tatu zina uzito sawa katika jumla. Zamani jumla ilitoka Quant na Verbal peke yake, kwa hiyo ushauri wa kaka yako aliyefanya 2015, kwamba kaza hesabu mengine yatajipa, umepitwa na wakati.

Kiingereza changu ni cha kazini tu. Verbal itanimaliza?

Shule ya msingi ya serikali tumesoma kwa Kiswahili, sekondari tukahamia Kiingereza ghafla, na wengi wetu tulikariri ili tuvuke. Hofu hiyo naielewa. Ila toleo la sasa limeondoa maswali ya kusahihisha sentensi, yale ya sarufi yaliyokuwa yanatutesa. Zimebaki aina mbili: ufahamu na upimaji wa hoja.

Ufahamu ni wa kusoma kifungu cha habari, sayansi au uchumi na kujibu. Hapa dawa ni kusoma, na haina njia ya mkato. The Citizen au The East African kila asubuhi ukiwa kwenye foleni ni bora kuliko orodha ya misamiati. GMAT haipimi maneno magumu.

Upimaji wa hoja ndio wenye mtego. Mfano: duka moja la Sinza lilianza kupokea malipo kwa simu mwezi Machi. Mauzo yakapanda. Mwenye duka anasema malipo ya simu ndiyo yameongeza mauzo. Kauli ipi inadhoofisha hoja yake? Moja inasema wakazi wengi wa Sinza wana simu. Nyingine inasema makato ya miamala yalipanda mwezi huo. Ya tatu inasema duka kubwa la jirani lilifungwa mwishoni mwa Februari.

Ya kwanza inampa nguvu. Ya pili inahusu pesa, inasikika nzito, na watu huichagua, lakini makato kupanda hakuelezi kwa nini wateja waliongezeka. Ya tatu inaleta sababu nyingine kabisa: wateja wa jirani walihamia kwake. Hiyo ndiyo. Tunaposhindwa Verbal mara nyingi Kiingereza tumekielewa vizuri tu, ila tumechagua kauli ya kweli isiyogusa hoja. Mtu anayebishana vizuri kijiweni ana kipaji cha sehemu hii kuliko anavyodhani.

Mbona kila swali lilikuwa gumu kuanzia mwanzo hadi mwisho?

Kwa sababu mtihani unakufuata. Ukijibu vizuri, kompyuta inakuletea maswali magumu zaidi, ukikosa, inapunguza. Mwenye jumla ya alama 605 na mwenye 755 wote wanatoka wakisema umekuwa mgumu, na wote wanasema kweli. Usijaribu kukisia unaendeleaje kwa kuangalia ugumu wa swali lililo mbele yako. Nimeona watu wazuri wakiharibu sehemu nzima kwa sababu swali moja rahisi liliwatia hofu kwamba wameshushwa.

Naweza kuruka swali na kulirudia baadaye?

Kuruka huwezi, lazima ujibu ndipo uende la pili. Lakini unaweza kuweka alama kwenye maswali, na mwisho wa sehemu, kama muda umebaki, unayarudia na kubadilisha majibu yasiyozidi matatu. Watu wanaifurahia sana nafasi hii na kuweka alama kwenye maswali kumi. Weka alama pale tu ambapo unajua dakika moja zaidi ingekupa jibu.

Muda ukikaribia kuisha, nibahatishe au niache?

Bahatisha. Kutokumaliza sehemu kuna adhabu kubwa kuliko kukosa. Na usisubiri mwisho: swali likifika dakika tatu bila dalili ya njia, chagua kitu na uende.

Nianze na sehemu ipi?

Mpangilio unauchagua mwenyewe, uko huru. Mimi nashauri Data Insights isiwe ya mwisho, maana inakula akili na ukiwa umechoka ndipo unasahau kusoma kichwa cha safu kwenye jedwali. Wengine wananibishia. Jaribu mpangilio wako kwenye majaribio mawili kisha usiubadilishe.

Alama ngapi ni nzuri? Rafiki yangu alipata 700, mimi nina 645. Kanizidi?

Kama yake ni ya toleo la zamani, mko sawa. Jumla ya sasa inaanzia 205 hadi 805 na kila alama inaishia na 5, kwa hiyo ukisikia 700 au 650 ujue ni ya zamani. Kwa ulinganisho wa GMAC, 645 ya sasa inasimama karibu na 700 ya zamani, na inakuweka mbele ya zaidi ya asilimia 80 ya watahiniwa. Wastani wa dunia unazunguka 550 hivi.

Alama nzuri ni ile inayokaribia wastani wa darasa la shule unayoomba. Shule nyingi huutangaza kwenye tovuti zao. Angalia tu kama wanazungumzia toleo jipya au la zamani, maana bado kuna kurasa zinazochanganya.

Vitabu vya zamani vinavyouzwa mitaani vinafaa?

Kwa hesabu, ndiyo, ukiruka jiometri. Kwa ufahamu na hoja, ndiyo. Kwa kusahihisha sentensi na insha, fungia maandazi. Usinunue chochote kabla hujafungua akaunti kwenye mba.com na kuchukua mitihani miwili rasmi ya majaribio, ambayo ni bure. Mmoja ufanye mwanzoni ujijue. Wa pili utunze.

Nijiandae kwa muda gani kama nafanya kazi kutwa?

Kwa anayetoka Mbagala au Kibaha na kurudi usiku, miezi mitatu hadi minne, saa moja na nusu siku za kazi na kipindi kirefu Jumamosi. Kama nyumbani kuna kelele, Maktaba Kuu ya Taifa barabara ya Bibi Titi inatosha kabisa. Andika daftari la makosa: swali, kwa nini ulikosa, ungefanya nini. Asiyeandika hulirudia kosa lile lile hadi siku ya mtihani.

Nifanyie nyumbani au kituoni?

Zote mbili zinakubalika. Kituoni unapewa kijitabu cha kuandikia kinachofutika na kalamu yake, na umeme ukikatika ni shida ya wenye kituo. Nyumbani unahitaji chumba chako peke yako, meza tupu, kamera, intaneti isiyoyumba, na msimamizi anayekutazama mwanzo hadi mwisho. Mtoto akifungua mlango kuomba hela ya ice cream, mtihani unaweza kusitishwa. Kwa nyumba nyingi ninazozijua hapa mjini, zenye maspika ya harusi Jumamosi na LUKU inayoisha bila taarifa, kituo ni salama zaidi. Nafasi na tarehe za vituo huonekana unapojisajili.

Jina la usajili lifanane herufi kwa herufi na la pasipoti. Wale wenye majina matatu kwenye cheti na mawili kwenye pasipoti, shughulikieni hilo kwanza.

Ada ni kiasi gani?

Inatofautiana kwa nchi, na unaiona ukiingia kwenye akaunti. Kwa Marekani imekuwa dola 275 kituoni na dola 300 mtandaoni, kwa hiyo pata picha. Inalipwa kwa kadi, basi hakikisha benki yako imeifungulia kadi malipo ya mtandaoni.

GRE, ule mtihani mwingine wa kuombea shahada za uzamili, si rahisi zaidi?

Ni tofauti. GRE imebaki na jiometri, inakuruhusu kikokotoo kwenye hesabu, lakini inataka misamiati mingi ya Kiingereza. Tangu Septemba 2023 imefupishwa hadi chini kidogo ya saa mbili. Shule nyingi za biashara zinakubali zote mbili. Mwenye msamiati mpana na mkono mzito kwenye hesabu za kichwani, mara nyingi namwelekeza huko.

MBA ya hapa Dar inahitaji GMAT?

Programu nyingi za hapa nyumbani hutazama shahada ya kwanza, ufaulu wako na uzoefu wa kazi. Soma tangazo la udahili la mwaka husika kabla hujatumia hata senti.

Naweza kurudia? Na alama mbaya chuo kitaiona?

Unaweza kurudia baada ya siku 16, hadi mara tano ndani ya miezi 12. Alama hukaa hai miaka mitano. Na chuo hakioni kitu ambacho hujakituma: unaona matokeo kwanza, kisha unaamua. Matokeo rasmi yakishawekwa kwenye akaunti yako, una saa 48 za kutuma kwa programu tano bila malipo. Baada ya hapo kila nakala unailipia. Orodha ya shule zako iwe tayari kabla ya siku hiyo.